Vanishi ya Siku ya Maandalio

Alhamisi hiyo Orpah alisimama nje ya dirisha la wodi ya wazazi, mvua ya alasiri ikimnyeshea na maziwa yakimvuja hadi yakalowesha leso aliyojifunga kifuani. Ndani, hatua nne tu kutoka kwenye kioo, bintiye Kwamboka alikuwa akilia. Mtoto alikuwa na umri wa siku tisa, na tumbo lake dogo lilijaa majipu yenye usaha. Asubuhi Matroni Persis alikuwa amemtoa mama huyo wodini. Uchafu huu, alisema mbele ya wazazi wote, umetoka kwao Nyansiongo, kwenye mazizi ya ng'ombe.

Sista Nyangate, muuguzi wa wodi, ndiye aliyeachiwa mtoto. Alimgeuza taratibu, akamdunga sindano ya penisilini kwenye paja lake jembamba, kisha akamnywesha maziwa ya mama yake kwa kijiko. Hakuthubutu kuinua macho kutazama dirishani. Orpah alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu. Wa tatu alimpa jina la Kwamboka, yaani kuvuka, kwa sababu uchungu ulimshika akivuka mto, naye akavuka.

Ulikuwa mwaka wa 1971, na vilimani Kisii penisilini ilikuwa bado dawa ya kila kitu. Mtu akikohoa, sindano. Akijikata kwa jembe, sindano. Akichoshwa tu na kuchuma majani ya chai, alidai sindano, na hospitali ile ya misheni ilimpa ili aende zake kwa amani. Nyangate mwenyewe alikuwa akiisifu dawa hiyo kwa yeyote aliyemsikiliza. Sasa Kwamboka alikuwa amedungwa siku nne mfululizo na homa haijashuka hata kidogo, na watoto wengine watano walikuwa na majipu yale yale.

Nyangate alikuwa mtu wa kupenda vitu ving'ae. Wenzake walimtania kwamba siku atakapoolewa atamsugua bwana harusi kwa majivu kabla ya kuingia naye kanisani. Basi vitasa vya milango ya wodi vilikuwa vikimnyima raha. Vilikuwa vya shaba ya manjano, vya tangu enzi za wamisionari wa mwanzo, na kila Ijumaa, siku ya maandalio, vilisuguliwa kwa majivu na limau kabla jua halijatua na Sabato ya Jumamosi kuingia. Lakini kesho yake, baada ya ibada, wageni walimiminika kuona watoto, kila mmoja akakamata kitasa kwa mkono wake, na kufikia jioni shaba ilikuwa imefifia. Kuisugua siku hiyo hakukuwezekana. Kuuguza mgonjwa siku ya Sabato ni rehema. Kung'arisha vitasa ni kazi.

Ndipo Nyangate alipopata wazo lake. Alikwenda Kiogoro kwa seremala mmoja, akanunua kopo la vanishi, na Ijumaa moja akavipaka vitasa tabaka mbili mbili. Viling'aa Sabato nzima, vikang'aa na Sabato iliyofuata, bila limau wala majivu. Matroni Persis alimsifu mbele ya wauguzi wote, naye akatembea wiki nzima kichwa juu. Mwezi mmoja baadaye jipu la kwanza likatokea. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, na kwa nini ayaunganishe?

Jumamosi asubuhi, wengi wakiwa kanisani, Nyangate alibaki zamu. Opondo, fundi wa maabara, alikuja mlangoni akamwita maabara. Opondo alikuwa mtu wa upande wa ziwani, Mkatoliki, kwa hiyo kwake Jumamosi ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Tangu Alhamisi alikuwa amepitisha vijipamba vya kupimia vijidudu kwenye kila kitu wodini: mabeseni, mashuka, mikono ya wauguzi, ngozi ya Orpah, hata vitasa. Mezani kwake visahani vya kioo vilikuwa vimepangwa safu mbili.

"Sista, kaa kwanza."

"Nitakaa mtoto akipona, Bwana Opondo. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Usaha wa Kwamboka ulikuwa umeotesha vidoa vya rangi ya dhahabu, na vidoa hivyo vilikuwa vimesogea mpaka kwenye kikaratasi chenye penisilini alichokiweka katikati.

"Hivi vijidudu vimeshaizoea hii dawa," Opondo alisema. "Tumeitumia ovyo, sasa haivitishi. Nimemwambia daktari. Ametuma gari Kisumu kuleta ile dawa mpya."

"Na mama yake?"

"Mama hana kitu. Nimepima mara mbili. Mikono yake ni safi kuliko yangu." Akasogeza visahani vingine karibu. "Sasa angalia hapa, hapa pananisumbua. Hiki ni kitasa cha mlango mkubwa. Vijidudu vile vile, tele. Hiki cha chumba cha watoto, vile vile. Lakini hiki cha stoo ya mashuka hakina kitu. Na stoo mnaingia mara ishirini kwa siku. Kuna nini huko?"

Nyangate alikitazama kile kisahani kitupu. Akakaa.

"Hicho sikukipaka," alisema. "Vanishi iliniishia."

Akamweleza yote, toka kopo la Kiogoro hadi sifa za Matroni. Opondo alimsikiliza huku akifuta miwani.

"Wazee wa kazi hii walikuwa wakisema shaba inaua vijidudu," alisema mwishowe. "Lakini shaba tupu, Sista. Ukiifunika ni kama umeshika mbao. Mimi siwezi kuapa. Vijidudu tulivibeba sisi, kwa mikono yetu. Kile kitasa pengine kilikuwa kinatusaidia tu bila sisi kujua."

Nyangate alirudi wodini. Angeweza kunyamaza. Opondo hakuwa mtu wa maneno, dawa mpya ilikuwa njiani, na vanishi ingeweza kubanduliwa Jumatatu kimyakimya kama ilivyopakwa. Kwamboka akipona, nani angeuliza? Orpah angerudi Nyansiongo na jina la mwanamke mchafu, na majirani wangelitunza jina hilo miaka mingi. Alijichukia kwa kuliwaza hilo hata kwa dakika moja. Akaenda karakana, akaomba msasa.

Matroni Persis alipofika kutoka kanisani, akiongozana na akina mama waliobeba vikapu vya ndizi, alimkuta amepiga magoti mlangoni akisugua kitasa, jasho likimtoka.

"Nyangate! Leo ni Sabato."

"Najua, Matroni."

"Basi inuka. Wageni wanakutazama."

"Matroni, uchafu haukutoka Nyansiongo. Nimeuleta mimi, ndani ya kopo, kutoka Kiogoro."

Akasema yote pale pale, akina mama wakisikiliza. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, lakini mkono haukuacha kusugua. Alipomaliza, Matroni alikitazama kitasa, Biblia ikiwa kwapani. Alikuwa mwanamke mkali, ila hakuwa mwongo.

"Na mimi ndiye niliyekusifu," alisema polepole. Kisha akageuka. "Yule mama yuko wapi? Mwiteni aingie."

Dawa mpya ilifika jioni ile. Siku ya tatu homa ya Kwamboka ilishuka, siku ya sita majipu yakaanza kukauka, na mtoto akanyonya kwa pupa mpaka wazazi wa vitanda vya jirani wakacheka. Wodini kila mtu alisema Mungu ni mwema. Hakuna aliyemweleza Orpah kwa nini alitolewa wala kwa nini alirudishwa.

Nyangate alivuta kiti karibu na kitanda chake, akamweleza kwa Ekegusii, bila kuacha neno. Orpah alimsikiliza, mtoto akiwa kifuani.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Nilisimama pale dirishani siku mbili, Sista. Nikafikiri Matroni anasema kweli. Nikaanza kuwafikiria wale wangu wawili. Nikasema, basi hata wao niliwaua kwa mikono yangu."

Nyangate alilia. Kwamboka aliachia ziwa, akapiga mwayo. Orpah alimfunika vizuri, akamwinua, akamsogeza kuelekea kwa Nyangate, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mikono. Kisha akasita.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Nyangate alikwenda kwenye beseni. Akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akarudi na mikono inayochuruzika maji. Orpah alimlaza mtoto mapajani, akaishika mikono ile, akaigeuza upande mmoja, kisha upande wa pili, na kuitazama.