Ukuta wa Mkono wa Kushoto

Kitu ambacho fundi wa bwawa la kuogelea hakuwahi kukitilia maanani ni mkono wa kushoto wa bibi yake. Kila asubuhi, kabla wapangaji wa ghorofa hawajaamka, bibi huyo, ambaye macho yake yalikuwa yamembakizia mwanga na vivuli tu, aliogelea kandokando ya ukuta, na fundi, mjukuu wake wa kike, akamtazama miguu na pumzi, akaridhika. Nyumbani bibi alishikwa mkono kutwa nzima: ngazini, mezani, hata akienda kuanika nguo. Majini hakushikwa na mtu.

Wapangaji wakalalamika kwamba vigae vimeota ukoko mweupe. Fundi hakuwa na la kubisha. Maji yaliyorukia ukutani na kukauka juani yalikuwa yameacha chokaa yake, tabaka juu ya tabaka, na iliyo nene zaidi ilikuwa karibu na kina kirefu, pale maji yanaporudi kwa kishindo kutoka kwenye pampu. Akayapunguza maji kidogo, akapaka siki, akaiacha ilainishe, kisha akasugua kigae kimoja kimoja kwa jiwe la kusugulia miguu, akililowesha kila mara lisije likachuna rangi. Jioni vigae vilimeremeta. Akajaza maji, akajisifu kimoyomoyo.

Kesho yake bibi aliingia majini akiimbia puani. Alipoona safari imekuwa ndefu kuliko kawaida, akashusha miguu ili asimame, asiikute sakafu. Fundi alitupa brashi na kujirusha na nguo zake.

"Mke mwenzangu," bibi alisema alipokwisha kukohoa, ameketi ukingoni, "ukuta wangu umeuhamishia wapi?"

"Upo palepale, bibi. Nimeusafisha tu."

"Umeusafisha au umeunyoa? Mimi niliuzoea na ndevu zake. Zikinichoma vidoleni, najua mbele kuna kina, nageuka."

Fundi alikamua nguo zake zilizokuwa zikichuruzika maji. "Basi kuanzia kesho nitaogelea ubavuni kwako, nikushike."

"Kushikwa nashikwa nyumbani. Ukinishika na huku, si bora mnikogeshe kwenye beseni kama kichanga."

Alilisema kwa utani, lakini akajifunga taulo na kuomba arudishwe chumbani, jambo ambalo hakuwa ameliomba hata siku moja. Fundi alimpeleka.

Mchana aliingia stoo, akapekua mabaki ya ujenzi hadi akapata kigae cha ngazi, kile chenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi. Akakibandika juu kidogo ya usawa wa maji, mahali palepale palipokuwa na ukoko mnene. Gundi ilipokauka akamwita bibi, akamwongoza ukingoni, akamwinamisha akipapase.

"Kinakwaruza kama kisigino cha marehemu mume wetu," bibi alisema.

"Kwa hiyo kinafaa?"

"Kisigino kile nilikivumilia tangu usichana wangu, hiki kitanishinda? Hebu nipishe."

Akaingia majini, mkono wa kushoto ukiteleza juu ya vigae laini. Fundi alisimama ukingoni, tayari kujirusha tena. Vidole vikafika kwenye kigae kile, vikatulia kidogo, na bibi akageuka bila haraka, akirudi alikotoka huku akiimbia puani.

Tangu siku hiyo fundi huondoa chokaa kwenye vigae vyote isipokuwa hicho, na bibi huogelea peke yake.