Darasa la Mbele ya Kioo

Kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi hakuwa na nia ya kufungua darasa. Alikuwa na viti viwili vya kunyolea, kioo kilichofunika ukuta mzima, na mpwa wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa dada yake, aliyezaliwa kiziwi. Kila siku mtoto akitoka shule ya viziwi alipitia hapo kumsubiri mama yake afunge duka lake la vitambaa, ng'ambo ya barabara.

Siku moja Mkasi aligeuka kukung'uta shuka la mteja, akamkuta mpwa wake anazungumza na kioo. Mikono inapanda, inashuka. Anasimulia, anajijibu, anacheka. Mkasi akabaki amesimama na shuka lake. Ndipo alipong'amua kwamba yule mtoto ni msemaji hodari, ila nyumbani hana wa kusema naye.

Kesho yake akamwomba amfundishe lugha ya alama. Alikuwa mwanafunzi mzito. Vidole vilivyozoea kushika mkasi viligoma kukunjuka, na kila alipokosea mtoto alimchapa kikofi cha mkono. Baada ya miezi mitatu wateja nao walikuwa wanajifunza, kichwa kimenyolewa nusu. Wakaja wazazi wengine wenye watoto viziwi, akaja muuguzi wa zahanati, akaja dereva wa teksi. Jumatatu, siku ya mapumziko ya vinyozi, duka likawa darasa. Hakuna aliyelipa wala kulipwa. Kioo kilifaa kuliko ubao, maana kila mtu aliiona mikono yake na ya jirani yake kwa pamoja.

Aliyekosekana ni mmoja tu: mama mtu.

"Kaka, mimi na mwanangu tunaelewana," alisema. "Tunaelewana kwa macho."

Mkasi hakubishana naye. Alijua dada yake anaona haya kutazamwa na watu akirusharusha mikono barabarani.

Aliyeleta habari ya ruzuku ni karani wa maktaba, mwanafunzi wa darasa lile lile. Mfuko mmoja mdogo wa nchi za nje ulikuwa unasaidia watu wanaojitolea kufundisha jamii zao. "Si msaada wa kujengea ghorofa," aliwaambia, "lakini tutachapa kitabu cha alama, chenye picha za mikono, na wanaotoka mbali watapata nauli." Wakajaza fomu, wakaituma. Wiki sita kimya. Wengine walishakata tamaa ujumbe ulipoingia: Jumatatu saa tisa alasiri, mfuko unataka kuwaona kwa simu ya video.

Siku hiyo duka lilijaa pomoni. Simu ya karani iliegeshwa kwenye kopo la poda. Dada yake Mkasi alivuka barabara na kitambaa cha kufunika ukuta uliobambuka rangi. "Naacha hiki naondoka," alisema, lakini watu walishajazana mlangoni nyuma yake, hakuna pa kupenya.

Mwanamke mwenye miwani akatokea kwenye simu. Karani akawa anatafsiri. Swali la kwanza: mwalimu ni nani? Kwenye fomu karani alikuwa ameandika Mkasi.

Mkasi akakohoa. "Mwambie ukweli. Mimi ni mwanafunzi wa kwanza tu. Mwalimu ni huyu mtoto."

"Tutakosa," karani akamnong'oneza.

"Tukose."

Karani akatafsiri. Mwanamke akafungua mdomo kujibu, na hapo hapo sauti ikakatika. Midomo inacheza, neno halisikiki. Karani akabonyeza huku na kule, jasho linamtoka, mpaka dereva wa teksi akaangua kicheko. "Jamani, mwaka mzima tunajifunza kuongea bila sauti, leo tunahangaikia sauti?"

Maandishi yakaingia kwenye simu, karani akayatafsiri: Picha naiona vizuri. Nionyesheni mnavyofanya.

Mtoto akapanda juu ya kibao, darasa likaanza. Mikono thelathini ikainuka pamoja. Katikati ya somo akatupa jicho kwenye kioo, akamwona mama yake kule mlangoni, amekumbatia kitambaa. Akamuuliza kwa mikono: Mama, na wewe?

Watu wote wakageuka. Mama akakiweka kitambaa chini. Kumbe kila Jumatatu alikuwa akiwatazama kupitia dirisha la duka lake na kuwaiga nyuma ya marobota. Akainua mikono. Alitaka kusema, mwanangu ana akili. Alichosema ni, mwanangu ana kuku.

Duka zima likavunjika mbavu. Mtoto alicheka hadi akateremka kwenye kibao, akamfuata mama yake, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka neno likakaa sawa. Kisha akaanza kumwambia mambo, mbio mbio, ya shule, ya rafiki zake, ya jino linalouma, kana kwamba ameyaweka kiporo miaka yote. Mama hakuambulia hata nusu. "Polepole," alimwomba kwa mkono, na machozi yanamtiririka.

Mkasi akaikumbuka simu. Yule mwanamke alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta yake huko aliko, miwani juu ya kichwa, anajaribu alama ya kuku.

Alhamisi asubuhi karani alikuja mbio kutoka maktaba, kiatu kimoja kimefunguka kamba. "Tumepata," alisema, akakaa sakafuni juu ya nywele. Mteja kwenye kiti akapiga makofi bila kujua anashangilia nini. Walipewa sharti moja tu: fomu irekebishwe, Mkasi aandikwe mratibu, na pale penye mwalimu pawekwe jina la mpwa wake.

Mkasi akatoka na mashine yake ya kunyolea mkononi, akavuka barabara kumwambia dada yake. Hakusema neno, alitumia mikono, katikati ya wapita njia. Dada akamjibu vivyo hivyo, kutoka kizingitini, na hakuangalia nani anamtazama.

Jumatatu iliyofuata dada aliwahi kuliko wote, akakaa mstari wa mbele. Mwalimu hakumpendelea. Neno la kwanza alimfanya alirudie mara tisa.