Bodi ya Mfano

"Nami nakwambia zina ufa!"

"Mama, kamera imezipitisha. Wewe nani wa kuibishia kamera?"

"Mwenye macho."

Wanawake wa mezani wakacheka chinichini. Msimamizi hakucheka. Mkononi alishika barua ya onyo la tatu, na pale kiwandani onyo la tatu ni kufukuzwa. Kosa: kurudisha bodi za saketi ambazo mashine ya kamera imeziwashia taa ya kijani.

Mama Lenzi, ndivyo walivyomwita, alikuwa na miaka tisa kwenye kiti kile. Bodi zilimpitia moja moja chini ya mwanga wa buluu, na kufikia saa tano kila tone la lehemu lilikuwa ziwa dogo lenye anga ndani yake. Alielea juu ya maziwa hayo, hana miguu, hana uzito. Kisha ufa, unywele mweusi ufukweni, ndipo hushtuka na kutua.

Leo kila ziwa la pembeni lilikuwa na unywele, pale pale.

"Mashine uliifundisha kwa bodi gani?"

"Ya mfano. Nimeichagua mwenyewe."

"Ilete."

Akaileta kwa jeuri. Chini ya kioo cha kukuzia, ufa ukajitokeza. Mashine ilikuwa imefundishwa kwamba huo ndio uzima.

Msimamizi akainama, sauti ikashuka.

"Mama yangu, nisitiri. Ofisi ilinipa saa moja tu ya kuifundisha. Haya masanduku arobaini yanaondoka leo. Wewe tia saini kwamba umeyakagua, barua naichana sasa hivi."

"Na huko hospitali?"

Msimamizi akamsogezea fomu na kalamu. Wote walijua bodi zile ni za pampu za dripu. Mama Lenzi akaona, kama kupitia maji, wodi nyeupe, watu wamelala, pampu ikihesabu matone, ikihesabu, kisha ikisahau.

"Saa moja," alisema taratibu. "Hata maharage hayaivi."

Akaivuta barua ya onyo, akatia saini hapo.

"Siyo hiyo, mama!"

"Ndiyo hiyo."

Akachukua muhuri mwekundu. Sanduku lenye muhuri huo halipiti getini. Akaenda kwenye masanduku, akagonga la kwanza, akagonga la pili, wanawake wakaanza kuhesabu naye kwa sauti.