Mkono wa Kliniki ya Mapafu

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Tuulikki Hakkarainen alikung'uta theluji kwenye buti zake mlangoni mwa kliniki ya mapafu, akachukua namba. Alikuwa anakohoa damu tangu Novemba. Hakumwambia mtu, kwa sababu sisi watu wa huku kaskazini hatupendi kusumbua, na yeye hakuwa hata na wa kumsumbua.

Kliniki aliijua. Alikuwa nesi hapo miaka ishirini na sita, akiwashika mkono wagonjwa wakati daktari anapitisha mpira wenye kamera puani, kooni, hadi kwenye mapafu. Miaka miwili iliyopita nafasi yake ilifutwa. Siku ya mwisho mama mmoja alikataa kuuachia mkono wake wa kushoto, na saa za kazi zilikuwa zimekwisha, basi Tuulikki akauchomoa mkono kwenye kifundo, akamwachia, akaenda zake nyumbani. Kidonda kilipona baada ya wiki moja. Mkono uliendelea na kazi na kulala kwenye droo ya glavu. Uongozi ukaandika kwamba kupunguza wafanyakazi hakujawaathiri wagonjwa hata kidogo, na hapo ndipo mtu anapotamani kutukana.

Nesi Jaana aliuliza nani atampeleka nyumbani baada ya kipimo cha mpira.

"Sina mtu."

"Basi dada, dawa ya usingizi huipati. Sheria unaijua."

Aliijua. Anayeishi peke yake hupuliziwa ganzi kooni tu, maana hakuna wa kumwangalia akifika kwake. Tangazo lilikuwa bado ukutani, kwa mwandiko wa Tuulikki mwenyewe. Mamia ya wagonjwa aliwasomea, akiwaambia ni dakika kumi tu.

Mpira ulipopita kooni alidhani anazama. Aliogopa vibaya sana, miguu ikapiga kitanda. Mkono ukatoka kwenye droo, ukamshika mkono wake wa kulia. Gumba lilimsugua vidole, kisha ukambana mara mbili: toa pumzi. Akatoa. Ulikuwa mkavu, wa vuguvugu, na alilia kwa kuwa haukumtambua. Ulimshika alivyokuwa akiwashika wote, mawazo yakiwa kwa mgonjwa anayefuata. Daktari alipomaliza, ulimwachia kidole kimoja kimoja ili asihisi. Ujanja huo aliubuni yeye, na sasa alijua kwamba kila mtu alikuwa anahisi.

Jaana alimfuta mate. Alimwambia kwamba daktari ameona kitu, majibu ni baada ya wiki mbili, na siku hiyo aje na ndugu au rafiki.

"Naweza kuja na huo mkono?" Tuulikki aliuliza, ulimi ukiwa bado mzito.

Jaana aliangalia ratiba kwa makini. "Majibu yanatolewa ghorofa ya tatu. Mkono umepangiwa chumba hiki tu. Na mzee huyu anayeingia sasa, yeye pia anaishi peke yake."

Mzee huyo alikuwa ameshalala kitandani, na mkono ulikuwa umeshamshika. Tuulikki aliomba kalamu. Kwenye fomu ya mzee, palipoulizwa jina la atakayemsindikiza nyumbani, aliandika lake mwenyewe.