Kishikwambi Kisicho na Laini

Wanaume wa rika la Asheri hapa Tanga wakigombana na wake zao, chanzo huwa ni kahawa ya barazani, shamba la urithi au mwanamke wa pembeni. Yeye aligombana na mkewe kwa sababu ya ndege.

Wala haikuwa ndege ya kutisha watu. Viti viwili, injini moja, milango ya kufungwa kwa kubamizwa. Aliinunua kwa meneja wa shamba la mkonge, ambaye ndiye aliyemfundisha kuirusha, enzi hizo Asheri akiwa fundi mkuu wa mitambo. Meneja alistaafu akarudi kwao, ndege ikabaki kwa fundi, na sasa ni mwaka wa ishirini na mbili. Jumamosi mvua isiponyesha Asheri hupanda, huzunguka dakika arobaini, kisha hushuka akiwa mpole wa kucheka hata na mbwa wa jirani. Mkewe, Praxeda, hakuwahi kuichukia ndege ile. Alikuwa akisema ndiyo inayomrudishia mume kila wiki.

Kisha likatokea la Muheza. Miezi miwili iliyopita Asheri aliruka kama kawaida yake, akaja kutua kwenye njia ya matrekta nje ya Muheza, akapiga simu nyumbani Usagara kwamba yuko salama.

"Ukungu," alimwambia mkewe. "Ulishuka ghafla, sikuona mbele."

Praxeda hakubisha. Alikaa nalo wiki nzima, kisha akatoa hukumu wakiwa mezani wanakula.

"Baba Anjela, nunua kile kifaa kinachomwonyesha mtu mahali alipo. Ukishakipata nitapanda nawe, nikione kinavyofanya kazi. Kisipofanya kazi, ndege auziwe yule bwana wa Arusha."

Bwana wa Arusha alikuwa ameshapiga simu mara tatu kuiulizia. Asheri akakubali palepale, bila hata kunung'unika, na Praxeda akamtazama kwa muda kabla ya kurudi kwenye sahani yake.

Nisikufiche, msomaji: siku ile hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa linawaka. Asheri aliiona reli, akaiona barabara, akaiona michungwa imejipanga mashambani, na kwa dakika kumi hivi hakujua ile ni nchi gani. Alikuwa amepita juu yake mara mia. Alitua kwa sababu mikono ilikuwa inajua kutua. Ana miaka sitini na saba, na ana hofu moja ambayo hajamwambia binadamu yeyote, hata mchungaji wake. Kwa hiyo kifaa alikitaka yeye kuliko mkewe.

Kukichagua ndiko kulikomtoa jasho. Binti yao Anjela, aliyeko Dar, alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba akisisitiza anunue kikubwa, maana macho ya baba si yale ya zamani. Rubani mmoja wa ndege za watalii akamwambia kikubwa hakikai pajani, kinagonga usukani, achukue kidogo. Mwingine akasema ukubwa si hoja, hoja ni joto: kifaa kikipigwa na jua kupitia kioo cha ndege hujizima chenyewe, nawe unabaki umeshika sinia. Wa nne akamwonya juu ya vioo vinavyong'aa, kwamba atajitazama sura badala ya kutazama ramani. Asheri aliyaandika yote kwenye daftari, na alipoyasoma tena aligundua kwamba sasa hajui hata lile dogo alilolijua mwanzo.

Akaenda Ngamiani kwa Sele, muuza simu mwenye duka barabara ya nane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka kishikwambi cha ndegeni."

"Cha kutazamia sinema safarini?"

"Cha kuendeshea."

Sele akaegemea kabati lake la vioo. Alishawauzia vishikwambi walimu, makarani na bibi harusi mmoja. Cha kuendeshea ndege, bado. Lakini hakuwa mtu wa kumwachia mteja aondoke hivihivi. Akatoa viwili akavilaza juu ya kabati, vimefanana kama mapacha, ukubwa mmoja, kioo kimoja, hata rangi.

"Hiki kina sehemu ya laini," akasema. "Hiki hakina. Chenye laini bei yake imechangamka."

"Laini ya nini?"

"Ya simu, mzee wangu. Na intaneti."

"Sasa huko juu nitampigia nani?"

"Wallahi, hapo ndipo penyewe."

Asheri akalipima. Miaka yote amesikia watu wanaambiwa wazime simu ndegeni. Huko juu mtandao wenyewe haushiki. Kulipia laini isiyo na mtandao ni kujitia hasara kwa mikono yako. Hoja ilinyooka kabisa, na kwa mara ya kwanza wiki ile kichwa chake kikatulia. Kumbe hapo ndipo walipopotea wote wawili. Ule mtambo mdogo unaosikiliza setilaiti, unaomjua mtu alipo hata katikati ya bahari, watengenezaji walikuwa wameufunga ndani ya kile chenye laini tu. Hiki kingine kilijua mahali kwa kunusa intaneti za majirani. Boksi halikusema hivyo, Sele hakujua, na Asheri angejulia wapi?

"Hebu tukijaribu kwanza," Asheri akasema.

Na hapa Tanga kitu cha kutembea nacho hujaribiwa kwa baiskeli. Sele akafunga duka, akaiwasha simu yake mfukoni ili igawie kishikwambi intaneti, akamketisha mzee kwenye karia, wakaondoka. Kwenye ramani kidoti cha buluu kiliwafuata bila kukosea: barabara ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Asheri alizisoma kwa sauti, kifaa amekikumbatia, miguu inaning'inia. Bi Khadija wa maandazi akauliza mzee wa watu anapelekwa hospitali ipi. Walipofika barabara ya kumi na tano Asheri alikuwa anacheka peke yake. Kila kona kifaa kiliijua. Hakikusahau hata moja.

"Hikihiki," akamwambia Sele. "Nifungie."

Wiki nzima aliwaonyesha wageni kile kidoti, na Jumamosi wakapanda. Praxeda alivaa gauni la kitenge na raba, akafunga mkanda, kishikwambi pajani, na simu yake imewashwa mkobani kama Sele alivyoelekeza. Safari ilikuwa ya pembe tatu: Muheza, Pangani, nyumbani. Muheza aliichagua Asheri mwenyewe. Alitaka kupita palepale.

Na Muheza akaitambua. Reli, stendi, meza za machungwa kandokando ya barabara, kila kitu kilikaa mahali pake, na moyo ukamjaa furaha hata akasahau kukiulizia kidoti. Kisha wakaelekea pwani, na mawingu yakaanza, ya kweli safari hii. La kwanza akalikwepa kwa kushoto, la pili kwa kulia, la tatu akalizunguka, akashuka, akapanda tena, na alipotokea upande wa pili hesabu ya kona alizokata ilikuwa imemchanganyikia. Mbele palikuwa na bahari. Chini palikuwa na mto unaingia baharini.

Pangani, kichwa kikasema mara moja.

Lakini kichwa chake alikuwa hakiamini tena.

"Mama Anjela, kidoti kiko wapi?"

"Tanga."

"Tanga wapi?"

"Palepale uwanjani tulikotoka. Ila kimekuwa cha kijivu."

"Kijivu?"

"Si kilikuwa cha buluu? Sasa ni kijivu."

Hakuna aliyekuwa amewaambia kijivu maana yake nini. Asheri alidhani ni jua. Kumbe hiyo ndiyo namna ya kifaa kukiri kwamba huko juu hakina intaneti ya kunusa na hakijui tena kilipo, kinarudia tu jibu la mwisho lililokuwa kweli. Akachungulia pajani kwa mkewe, kweli, Tanga. Kama wako Tanga, basi mto ule ni Zigi, unaoingia baharini kaskazini ya mji, na uwanja uko kusini yao. Dira ilimwonyesha anakoelekea, lakini dira haimwambii mtu alikofika. Angeweza kuuliza kwenye redio. Aseme nini sasa? Mzee mzima mwenye leseni, mchana, mke ubavuni, aulize yuko wapi? Macho yake yanasema Pangani, kifaa kinasema Tanga. Mmoja kati ya hao wawili ni msahaulifu, na Asheri aliamini anamjua.

Akageuza ndege kusini.

Dakika tatu zikapita, nne. Mji haukutokea. Yalitokea mashamba ya mkonge, mstari baada ya mstari, na mbele yake pori. Akajiambia mji utatokea sasa hivi. Akajiambia tena. Praxeda alikuwa ameacha kutazama pajani. Paji la uso amelibandika kwenye kioo, anatazama nyuma walikotoka.

"Baba Anjela," akasema polepole, "kwani mto Zigi una pantoni?"

"Nini?"

"Pale mtoni tulipopita. Nimeiona pantoni inavuka, na magari juu yake."

Mto Zigi hauna pantoni, na Asheri alilijua hilo vizuri sana.

"Ng'ambo ile ni Bweni," Praxeda akaendelea, sauti inampanda. "Na huu mkonge ni wa upande wa Mwera. Baba yangu amekata mkonge huku miaka kumi na tisa, mimi nimelelewa kambini! Tumeshaipita Pangani, mume wangu! Unatupeleka Bagamoyo!"

Asheri akaigeuza ndege. Ikamtii. Bahari ikahamia kulia. Mto ukaja tena, na pantoni akaiona kwa macho yake mwenyewe, imefika ng'ambo, watu wanashuka. Kifaa Praxeda alikuwa amekiweka chini miguuni. Asheri akaanza kuvitaja vijiji kabla havijafika. Kigombe. Tongoni. Mwambani. Vikaja kimoja kimoja kama alivyovipanga. Uwanja ukatokea, akatua kwa ulaini ambao hata yule meneja wa zamani angeupigia makofi.

Injini ilipozimwa, Praxeda akacheka kicheko cha mtu aliyenusurika.

"Kumbe kidude chenyewe ndicho kiongo! Wewe ulijua. Mto ulipotokea nilikuona usoni, ulijua. Jumatatu tunamrudishia Sele takataka yake atupe nyingine, na yule bwana wa Arusha akatafute ndege kwingine."

Ushindi ndio huo, ameletewa mkononi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Ndege ni yake, na Jumamosi zote ni zake. Asheri alifungua mdomo amshukuru mkewe, yakamtoka mengine.

"Nilijua ni Pangani. Nilijua, nikajikatalia. Mama Anjela, siku ile ya Muheza..."

"Najua."

"Hujui. Hapakuwa na ukungu."

"Hapakuwa. Siku ya pili yake nilikwenda Muheza kununua machungwa. Wauzaji wenyewe ndio waliokuona ukizunguka juu yao. Walisema jua lilikuwa kali hata wakafunika matenga yao."

Asheri akamgeukia. Miezi miwili mwanamke huyu amekaa na uongo wake, amempakulia chakula, amemsikiliza akikisifu kishikwambi mbele ya wageni, na muda wote anajua. Akaona aibu, kisha hasira kidogo, kisha akawa hajui anaona nini.

"Sasa kama ulijua," akasema, "ulipandaje na mimi?"

Praxeda alikuwa anahangaika na mkanda, umemshinda kufungua.

"Nilikuwa nasubiri uniambie, hukuniambia. Na ningekuzuia, ungeondoka siku nikiwa kanisani. Nikasema basi, akipotea tena asiwe peke yake."

Asheri akatoa simu aitafute namba ya yule bwana wa Arusha. Machozi yalikuwa yamemjaa, majina hayasomeki. Akampa mkewe simu amtafutie.