Chafya ya Arobaini na Saba

Mimi Eucabeth sipendi kuambiwa pole kabla sijafiwa. Binti yangu Joan alipojifungua mtoto wa kiume hapa Nakuru, majirani zangu wa Free Area walikuja mmoja mmoja na ile sauti ya matanga, pole mama, pole sana, mpaka nikamuuliza mmoja wao, "Kwani nani amekufa hapa? Kunywa chai uende."

Daktari alikuwa ametueleza vizuri. Ndani ya mwili wa mtu kuna vijiuzi vidogo mno vinavyoitwa kromosomu, na ndivyo hubeba urithi wa baba na mama. Binadamu ana arobaini na sita. Mjukuu wangu ana arobaini na saba. Hiyo moja ya ziada itamchelewesha kutembea na kusema, daktari alituambia, lakini atatembea, na atasema. Joan alisikia ile sehemu ya kwanza tu. Alilia mpaka maziwa yakagoma kutoka.

Kilichomtia hofu hasa ni kule alikoolewa. Mumewe Kipkemoi ni mtu wa Kuresoi, na kwao Wakipsigis mtoto hapewi jina hivi hivi. Akina mama hukaa naye ndani, humnusisha chembe ya ugoro, kisha huita majina ya wazee wa ukoo waliokwisha kufa. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye amerudi.

"Na wakikataa kumwitia?" Joan aliniuliza. "Mama, wakisema hakuna mzee anayetaka kurudi na mwili huu?"

Nilimwambia wakikataa nitawatandika wote, wakubwa kwa wadogo. Lakini haki ya Mungu, hata mimi roho ilikuwa juu.

Baba mkwe wake, Mzee Kosgei, alikuja kumwona mtoto akiwa na gunia la viazi begani. Alimwangalia mtoto muda mrefu, akamfungua kiganja, akakifunga tena polepole.

"Sisi wengine tuko na ngapi?" aliuliza.

"Arobaini na sita, Baba," Joan alijibu, macho chini.

"Na huyu?"

"Arobaini na saba."

Mzee akafikiri. Amelima viazi maisha yake yote, na mkulima hajawahi kulilia mavuno yaliyozidi. Akaangua kicheko. "Basi ametupita! Sasa mnalia nini?"

Weh! Huyo mzee alirudi Kuresoi akatangaza. Kanisani alitangaza, kwenye bucha alitangaza, kwa wanunuzi wa viazi alitangaza hata kabla ya kutaja bei. Siku tuliyokwenda huko kwa ajili ya jina, watu walitupokea barabarani wakimwita mtoto Arobaini na Saba, na wengine wakataka kumshika wapate baraka. Joan akacheka. Nilikuwa nimesahau binti yangu ana pengo dogo kwenye meno.

Tulianza kwa chakula. Viazi vya kuchemsha, nyama, maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Kosgei akasimama, kiazi mkononi, akaanza tena ile hotuba yake: kadiri kromosomu zinavyokuwa nyingi, ndivyo kiumbe kinavyokuwa bora. Fancy, kitinda mimba wake, anafundisha bayolojia sekondari huko Molo, na mwalimu akisikia kosa huwa kama amekalia siafu.

"Baba, si hivyo," alisema. "Hicho kiazi ulichoshika kina arobaini na nane."

Kosgei akakigeuza kiazi mkononi.

"Kiazi hiki?"

"Hicho."

"Kinanizidi mimi?"

"Kwa mbili."

Mtu fulani karibu na mlango akacheka vibaya. Kosgei akaangalia kiazi, akaangalia mtoto, akatoka nje.

"Nilitaka kusema idadi haionyeshi kitu!" Fancy alipaza sauti. "Kuna mimea midogo ya msituni iliyo na zaidi ya elfu!"

"Ungeanzia huko msituni, mwalimu," nilimwambia.

Joan alikuwa tayari anamfunga mtoto shali. "Turudi nyumbani, Mama. Jina tutampa wenyewe."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Nilitoka mbio mpaka kwenye ghala la viazi, nikamkuta mzee amekaa juu ya gunia.

"Mzee Kosgei! Hicho kiazi kinakuzidi kwa mbili na bado wewe ndiye unayekichemsha. Kimewahi kukuchemsha wewe?"

Alicheka kidogo, kisha nikaona anapangusa macho.

"Mama Joan, sina ugomvi na kiazi. Nilikuwa na kaka, Kiptum. Macho yake yalikuwa hayo hayo ya huyu mtoto. Kiganja chake kilikuwa na mstari mmoja, kama cha huyu. Kusema kwake kulikuwa kwa shida, lakini alinibeba mgongoni utoto wangu wote. Alipokufa, jina lake halikuitwa kwa mtoto yeyote. Walisema, ya nini kumrudisha mtu kama yule?" Akakiangalia kiganja chake mwenyewe. "Nilipouona huo mstari kwenye kiganja, nilimjua. Na nilipoambiwa huyu ana moja zaidi, nilifurahi kwa ajili ya wote wawili. Nikasema, kumbe hata Kiptum alikuwa ametupita. Sasa Fancy anasema sivyo."

Hasira zangu zote ziliniishia. Nilikaa kwenye gunia la pili.

"Fancy amesema idadi si kitu," nilimwambia. "Hajasema Kiptum si kitu. Aliyekubeba mgongoni alikuwa nani, mimea ya msituni?"

Nikarudi ndani nikamfungua mtoto shali.

Akina mama wakaketi, wanaume wakabaki nje kama desturi inavyotaka. Chepkemei, mke wa Kosgei, akaanza kuita. Aliita wenye ng'ombe wengi, akaita mashujaa, akaita babu aliyeua chui. Mtoto akalamba mdomo. Wakaongeza chembe ya ugoro, wakaita wengine. Mtoto akapiga miayo. Wanawake wakaanza kutazamana, na Joan akanyoosha mkono kuchukua shali.

Ndipo sauti ikatoka dirishani, mahali ambapo mwanamume hana ruhusa hata ya kukohoa.

"Kiptum! Iteni Kiptum!"

Wanawake wakanguruma: aibu, mwanamume ametia mdomo! Lakini Chepkemei alikuwa anamtazama mtoto usoni, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani sokoni. Alimfahamu Kiptum alipokuwa hai, alikuwa shemeji yake. Akainama sikioni, akaita taratibu, "Kiptum."

Mtoto akakunja pua. Akapiga chafya mpaka mikono yote miwili ikaruka juu.

Woi! Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kusikia hata harusini. Joan alilia, safari hii kwa mdomo ulio wazi, pengo lote nje. Mimi mgeni wa Nakuru nilicheza ngoma yao ambayo sikuijua.

Nje Kosgei alikuwa amemkumbatia Kipkemoi na mtu mwingine ambaye hata hakuwa jamaa. "Kaka yangu amerudi!" alipiga kelele. "Amerudi, na bado ametupita wote!"

Fancy akafungua mdomo amrekebishe. Nikamtia kiazi.