Mikono ya Bi Brashi

Hakuna anayekijua kisa hiki kuliko huyu anayekusimulia. Waliokijua zaidi walikuwa na kazi za kufanya.

Jumamosi mchana Bi Brashi alipanda ngazi za pembeni mwa duka la magodoro, kabeba kichwani picha iliyofungwa kwa pazia kuukuu. Juu ya duka kulikuwa na chumba cha wachoraji: dirisha moja kubwa, harufu ya tapentaini, birika la chai lililoungua tako, na ukuta mrefu wa kutundikia picha. Mwenye picha ukutani alikalia kiti. Asiye nayo alikalia benchi la mlangoni, lililokuwa na mguu mmoja mfupi, hata ukiinama kuchukua kikombe nalo linakuinamia. Bi Brashi alikuwa kwenye benchi hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alilijua kama mke anavyomjua mume mlevi: alijua litaangukia upande gani.

Kazi yake ilikuwa mabango. Kuku wa mlangoni kwa muuza nyama, mikasi ya vinyozi, lile jino kubwa la daktari wa meno linalocheka kana kwamba halitang'olewa, vyote vilikuwa vyake. Kila mwaka alileta picha chumbani, na kila mwaka alirudi nayo nyumbani. Picha ilitundikwa wote wakikubali, na mmoja hakukubali kamwe. Huyo alikuwa Mwenyekiti, mwenye duka la magodoro, mdogo wa marehemu mume wa Bi Brashi.

"Mikono, shemeji," alikuwa akisema, akitikisa kichwa kwa huruma. "Mikono bado."

Sasa mikono ina habari yake. Mwenyekiti alikuwa fundi wa nyuso, fundi wa nguo, hata mawingu aliyaweza. Mikono ndiyo iliyomshinda. Watu wake wote walitia mikono mfukoni, au waliificha mgongoni, au walisimama nyuma ya ng'ombe. Picha yake moja tu ilikuwa na mikono, ile iliyoitwa Mama Mwenye Kikapu. Mikono miwili imeshika kikapu cha machungwa, na ukiitazama sana viwiko vyako mwenyewe vinachoka. Kwa picha hiyo wenzake walimpa uenyekiti. Na mikono hiyo aliichora Bi Brashi, uani kwake, katikati ya kufua na kuanika, siku shemeji alipoingia kwa mlango wa nyuma na kitu kimefungwa shuka, akasema anapita tu.

Bi Brashi hakumwambia mtu. Shemeji ni shemeji, na nguo za ndani hazianikwi barabarani. Lakini mgongo wake ulitaka kiti. Mwenyekiti naye hakuweza kuruhusu mikono mingine ya Bi Brashi ikae karibu na ile ya kikapu, maana hata kipofu angeuliza kama ni ndugu.

Safari hii Bi Brashi alikuwa ameazima kioo cha Kinyozi, ambaye naye alikuwa mchoraji, akakaa mbele yake na kujichora alivyo, bila kujipendelea. Au alijipendelea kidogo, kama ambavyo mwanamke yeyote mwenye heshima zake angejipendelea. Alijichora kuanzia kiunoni, brashi mkononi, amekaza macho kama anayesubiri chenji.

Akaifungua picha, akaiegemeza kwenye kiti kitupu, mwenyewe akarudi benchini. Sheria ya chumba ilikuwa kwamba mwenye picha hafungui mdomo mpaka wote wamalize kusema. Ilitungwa baada ya mtu mmoja kumpiga mwenzake birika.

Kinyozi alianza. Alisogea, akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Bi Brashi, tangu lini umekuwa wa mashoto?"

Kweli. Brashi ilikuwa mkono wa kushoto, kama ilivyoonekana kiooni. Bi Brashi aliuma midomo.

"Umeona vizuri," ilisema picha, ikahamishia brashi mkono wa kulia. "Kioo chako ndicho kilichonidanganya."

Kinyozi alikubali. Hata wateja wake walikuwa wakikilalamikia.

Wifi mtu akafuatia. Huyu alikuwa dada yake Mwenyekiti, mchoraji wa maua, na kwa kazi ya kumsema Bi Brashi hakuhitaji kuitwa mara mbili.

"Mimi nina swali la shingo," alisema. "Shingo hiyo umeiazima kwa nani, wifi yangu? Maana twiga akija kuidai tutamkalisha wapi?"

"Nilimwambia," ilisema picha. "Nilimwambia, mama, fupisha. Akasema nani atajua." Ikazamisha kichwa mabegani mpaka shingo ikawa ya haki. "Na makunyanzi mengine ameyaacha kwenye kioo. Kinyozi akatazame, atayakuta."

Wifi alicheka mpaka akamwagia chai maua yake. Bi Brashi alipiga mguu sakafuni, benchi likamwinamia.

"Ngoja kwanza," alisema Mwenyekiti. "Sheria hairuhusu kujibu."

"Sheria inamfunga mdomo mwenye picha," alisema Kinyozi baada ya kufikiri. "Picha haikutajwa."

Wakakubaliana kwamba kweli, picha haikutajwa, na kwamba ni kosa la waliotunga. Mwenyekiti akakohoa. Akaitazama picha kwa muda, kisha akatazama pembeni yake, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

"Uso nimeukubali," alisema. "Nguo nimezikubali. Ila mikono, shemeji. Mikono haina uhai."

Picha iliinua mikono yake, ikaigeuza huku na huku kuikagua. Ikaweka brashi sikioni. Halafu ikaalisha vidole, ikivivuta kimoja kimoja vilie, ta, ta, ta, ikianzia kidole cha mwisho, kama Bi Brashi afanyavyo kila amalizapo bango.

Ukutani, Mama Mwenye Kikapu alisikia. Akashusha kikapu chini, taratibu, machungwa mawili yakaviringika hadi ukingoni mwa picha na kuangukia sakafuni. Akaalisha vidole vyake: ta, ta, ta. Naye alianzia kidole cha mwisho.

Kinyozi aliokota chungwa moja, Wifi akaokota lingine.

"Kaka," alisema Wifi akimenya, "ile mikono ya nani?"

"Yangu," alisema Mwenyekiti. "Niliichora mwenyewe, kwa mkono huu." Akauinua mkono wake juu, watu wauone.

Mama Mwenye Kikapu akatikisa kidole: hapana. Hakukitikisa kwa hasira. Alikitikisa kama mama anayemkatalia mtoto sukari ya tatu.

Wote wakamgeukia Bi Brashi. Alikuwa kabana midomo mpaka mashavu yamevimba, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa hajasema kama amemaliza. Mwenyekiti alilijua hilo. Alitazama birika, akatazama dari. Akajua vilevile kwamba asiposema amemaliza atakaa hapo mpaka azeeke, na akisema, Bi Brashi atafungua mdomo.

"Nimekubali itundikwe," alisema haraka haraka. "Nimemaliza."

Bi Brashi akafungua mdomo. Chumba kizima kikatega sikio, hata walioko ukutani.

"Kiti changu ni kipi?" aliuliza.

Picha ilitundikwa pembeni ya Mama Mwenye Kikapu, kwa kuwa msumari uliokuwa wazi ulikuwa huo tu. Kinyozi alisema labda lile jina la Mwenyekiti, lililoandikwa kwa rangi nyekundu chini ya kikapu, lingetazamwa upya. Mwenyekiti akajibu kwamba ajenda hiyo haikuwemo, na kwamba ushahidi wa picha haupokelewi, kwa kuwa picha si mwanachama. Jina likabaki pale pale. Chai ikamiminwa.

Bi Brashi alikalia kiti chake. Akanesa mara mbili kukijaribu. Akainama kuchukua kikombe, kiti hakikuinama naye, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ukutani picha yake nayo ikacheka, shingo fupi na yote. Mama Mwenye Kikapu akawa anarusha machungwa, nao wakawa wanadaka. Yalikuwa matamu, yenye harufu ya tapentaini kwa mbali. Wifi alikula matatu, akasema makunyanzi yakisharudi kutoka kwenye kioo picha itakuwa nzuri mno, na picha ikasema yatarudi, hayana haraka, njia yanaijua.

Jumatatu asubuhi Bi Brashi alikuwa uani anamchora kuku wa muuza nyama mpya, anaimba, aliposikia mlango wa nyuma. Alikuwa Mwenyekiti, kakumbatia kitu kirefu kilichofungwa shuka.

"Hodi, shemeji. Nilikuwa napita tu."

"Karibu, shemeji. Na hicho?"

"Hiki?" Mwenyekiti alikitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Mbao tu hii. Mbao ya kitanda cha mteja."

Ndani ya shuka mbao ikapiga chafya mara mbili. Kisha ikaomba, kwa adabu kabisa, kama kuna mtu hapo wa kuifuta pua, kwa kuwa yenyewe bado haijapewa mikono.